Kutoa Damu Kabla Hatujaitwa

Ujumbe huingia usiku kwenye kikundi cha WhatsApp: “Mgonjwa wetu yuko Russia, anahitaji damu haraka.” Kisumu hakuna anayeuliza Russia ni wapi. Ndivyo tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kukipambazuka, binamu, waumini wenzake na wanachama wa chama cha mama yake wameshafika, mikono ya shati imekunjwa.

Kazi yangu ni kuhamasisha watu wachangie damu kwa hiari, kwa hivyo huniuma mtu akisema Wakenya ni wachoyo. Bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, watu walipanga foleni kutoa damu, na mkasa ule ndio uliosukuma nchi kujenga huduma ya taifa ya damu. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, foleni zilirudi. Kutoa tunajua. Ila tunangoja kwanza tusikie jina la mgonjwa, au tuone msiba kwenye habari.

Damu haiendi hivyo. Painti iliyotolewa leo hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha inaweza kutenganishwa. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji wiki tano au sita. Zile za kugandisha damu hazidumu zaidi ya siku chache. Ndiyo maana ningependa watu ishirini kila juma kuliko elfu moja siku moja.

Huku ziwani, tena, mahitaji yana msimu. Baada ya mvua ya masika malaria hupanda, na vimelea vyake huvunja chembe nyekundu hadi mtoto wa miaka miwili analetwa wodini viganja vimepauka, anahema. Kuna selimundu, ugonjwa wa kurithi ulioenea sana katika eneo hili. Kuna akina mama wanaovuja damu wakijifungua, na ajali za bodaboda. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 1 ya watu wakitoa damu, mahitaji ya msingi ya nchi hutimizwa. Sensa ya 2019 ilitupata watu milioni 47.6, basi piga hesabu: karibu painti nusu milioni kila mwaka. Kwa muda mrefu tumewaegemea wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, akiba hushuka.

Kuna pia uchungu ambao siwezi kuupuuza. Wengi huniambia damu inauzwa. Damu haiuzwi, lakini jamaa anapoambiwa alete watu wawili wa kurudisha painti aliyopewa mgonjwa wake, kwake hiyo ni bei. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa hivyo saa sita usiku, katika hospitali moja, shangazi yangu akiwa kitandani. Na kitaalamu njia hiyo ina hatari yake: mtu aliyeletwa na ndugu, wote wakimtazama, ataona taabu kujaza fomu kwa ukweli kuhusu afya yake.

Kwa hivyo niliwaendea akina mama wa chama kimoja soko la Kibuye. Hao hawahitaji kufundishwa ukarimu. Siku ya mchango wanaijua, na ambaye hajaleta wanamjua. Niliwaomba waongeze tarehe moja tu. Mwanamke anaweza kutoa kila baada ya miezi 4, mwanamume 3, mradi awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 kwenda juu, na damu yake mwenyewe iwe ya kutosha. Mmoja akaniuliza, “Daktari, nitajuaje amepewa nani?” (Mimi si daktari, ila koti jeupe huleta jina hilo.) Nikamjibu, “Hutajua, mama.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi ni mtoto wa mtu,” akanyoosha mkono.

Mara ya kwanza si ngumu kuipata. Ngumu ni ya pili, na hapo ndipo simu zangu nyingi huishia. Akina mama wa Kibuye wameshatoa mara ya pili. Katibu wao ameandika tarehe ya tatu katika daftari lile lile la chama, kati ya zamu za kupokea pesa na mchango wa karo.