Mpangaji Naye ni Mkazi wa Mtaa

Ukipita leo Chanika, Kivule, Goba au Chamazi, utaona mwembe au mkorosho mmoja mmoja uliosalia katikati ya nyumba za tofali. Hayo yalikuwa mashamba, mengi ya Wazaramo na Wandengereko, na si zamani sana. Yaliuzwa kidogo kidogo, hatua 20 kwa hatua 20, muuzaji akitembea na shahidi akihesabu, kisha hati ya mauziano ikapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa igongwe muhuri. Upande huu kajenga Mchaga wa Rombo, upande ule Muha wa Kasulu, nyuma yupo Msukuma, na pale kwenye kona ni Mmakonde aliyeletwa mjini na baba yake angali mtoto.

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Hiyo milioni iliyoongezeka haikuenda Kariakoo wala Magomeni, kulikojaa siku nyingi. Sehemu kubwa imeangukia huku pembezoni. Hata mipaka ya utawala ililazimika kuwafuata watu: mwaka 2016 Ubungo ilitoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke.

Kazi yangu ni maendeleo ya jamii, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: makabila na dini zote hizi katika mtaa mmoja, hamgombani? Jibu langu ni kwamba hilo jiji hili lilijifunza mapema. Wakoloni ndio waliolipanga kwa rangi za watu, Uzunguni kwao, Uhindini kwao, na Kariakoo kwa Waafrika. Lakini ndani ya ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, Mnyamwezi alipika jirani na Mluguru, wakatumia uani mmoja na choo kimoja. Lugha moja ikawatosha. Utani nao ukasaidia. Msiba wa Mzaramo ukitokea, mtani wake Msukuma au Mnyamwezi hufika akafanya vituko vyake, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na waliokuwa wakilia wakacheka. Mambo hayo hayajafa. Mtaani kwetu mtu akifiwa, turubai hufungwa na majirani kabla ndugu hawajashuka kwenye basi, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa anasali wapi.

Ufa upo, ila uko kwingine. Uko kati ya mwenye nyumba na mpangaji.

Mwaka jana, baada ya masika, nilihudhuria mkutano wa mtaa mmoja ambao sitautaja. Ajenda ilikuwa mtaro uliobomoka na maji yanayoingia nyumba za bondeni. Tulikaa chini ya mwembe, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, saa tisa alasiri siku ya Jumatano. Nilihesabu watu 34, karibu wote wenye nyumba, wengi wao wastaafu. Wakakubaliana kila nyumba itoe mchango wa kifusi, na kifusi kimwagwe barabara ya juu, inakopita gari. Bondeni hakuna aliyekutaja, kwa sababu wa bondeni hawakuwapo. Wale wamepanga chumba kimoja kimoja, na saa tisa wako sokoni, kiwandani au juu ya bodaboda.

Jioni nilimkuta mama mmoja anayeuza vitumbua akichota tope chumbani mwake kwa sufuria. Wakati wa mkutano alikuwa mashineni anasaga mchele wa kesho. Nikamuuliza, hata kama angekuwa na nafasi, angekuja? Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye khanga. “Nije kama nani, dada? Mimi mpangaji. Nikisimama watasema huyu naye ana nini hapa.” Wiki iliyofuata mwenye nyumba wake akaugawa ule mchango kwa vyumba. Akalipa, na kifusi kikaenda barabara asiyoipita.

Hili linaniuma, maana sheria haimjui “mwenye mtaa”. Inamjua mkazi. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, awe amejenga ghorofa au amepanga chumba cha uani. Mpangaji ambaye ni raia anamchagua mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa, na akiwa na miaka 21 na kudhaminiwa na chama chake anaweza kugombea nafasi hizo yeye mwenyewe.

Hapa kuna jambo lililowaponza wengi Novemba 27, 2024. Walikwenda kituoni na kadi ya mpigakura mkononi, majina yao hayakuwapo, wakarudi nyumbani na hasira. Kadi ile ni ya Daftari la Kudumu, la kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inayoandikwa upya mtaani kwa siku chache. Safari ile ilikuwa Oktoba 11 hadi 20. Aliyehama Mbagala kuja Kivule anatakiwa kujiandikisha Kivule. Wapangaji huhama mara kwa mara, kwa hiyo ndio wanaoachwa nje kuliko wote.

Na tusichanganye ofisi. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, mfumo uliotokana na TANU, na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 yeye si sehemu ya serikali ya mtaa. Kumwendea kwa ushauri si vibaya, watu wamemzoea. Lakini barua ya utambulisho, malalamiko na hoja ya mtaro ni vya ofisi ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, na huko hakuna anayeulizwa chama.

Kelele nazo nimezishughulikia: kigodoro, mkesha wa maombi, spika ya baa. Zipo kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na mahali pengine zimebidi kutumika. Mara nyingi, hata hivyo, nimeona mambo yakiisha pale wahusika walipokalishwa benchi moja na kupangiana saa.

Ninachowaomba wenyeviti ni kitu kidogo: siku na saa. Ijumaa mchana utawakosa Waislamu, Jumapili asubuhi utawakosa Wakristo, na siku ya kazi alasiri utawapata wastaafu peke yao. Mtaa ule niliousema ulisogeza mkutano uliofuata hadi Jumapili saa kumi jioni, katika shule ya msingi, bajaji yenye spika ikapita mpaka bondeni kutangaza kwamba wapangaji wanaitwa. Viti havikutosha, watu wakakalia madawati. Mama wa vitumbua alikuja na wenzake watatu. Zamu yake ilipofika alisimama, akaweka kiganja juu kidogo ya goti kuonyesha maji yalipofika, akasema basi, akakaa. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari: kalavati mbili, bondeni, kabla ya vuli.