Komeo Lisilosema na Mkono

Kwa miaka mingi ya kutengeneza milango hapa Lamu niliamini kazi yangu huhukumiwa na macho. Nakshi zikitoka safi, mteja huridhika na wageni hupiga picha. Aliyenibadilisha ni jirani yangu, bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani.

Mlango wake wa ndani ulikuwa na komeo la mti, la zamani, limelika. Nikaling'oa nikamwekea la chuma cha pua, laini kama yai. Haikupita wiki akaniita. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfifiza macho, na usiku umeme ukikatika hakujua kama mlango amefunga au la. "Mwanangu, chuma chako hakinambii kitu," alisema. "Lile langu likifika, laniambia."

Nilirudi karakana nikalitafuta lile la zamani. Juu yake palikuwa na kishimo cha kidole gumba, kimechimbwa na mikono ya watu wa nyumba ile. Mwisho wa njia yake palikuwa na jino dogo. Komeo likilivuka, mkono unapata mshtuko mdogo na sikio linapata "tak". Habari moja, imefika kwa njia mbili.

Ngozi ya ncha za vidole ina vipokezi, yaani viungo vidogo mno vya kuhisi mguso, vya aina kadhaa. Vya Merkel huhisi kingo na umbo, vya Meissner huhisi kitu kinapoanza kuteleza, na vya Pacini, vilivyo ndani zaidi, hunasa mtetemo, hasa wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Hivi vya mwisho kila mchonga nakshi anavitegemea hata kama hajui vinaitwaje. Patasi ikigusa fundo, au nyuzi za mti zikigeuka, mpini hutetemeka vingine, nami hulegeza nyundo kabla jicho halijaona ufa.

Joto nalo lina maneno yake. Alfajiri shika pete ya shaba ya mlango, kisha ubao wake. Utasema pete ni baridi zaidi, kumbe vyote viwili vimelala katika hewa moja. Shaba hunyonya joto la mkono upesi, mti hulinyonya polepole. Basi hata gizani mkono umeshajua pa kushika na pa kusukuma. Kwangu mimi hii ni hazina ya mlango wa Kiamu isiyoingia kwenye picha yoyote.

Kioo cha simu hakina kingo wala jino, ndiyo maana wahandisi wametia kimota ndani kitetemeke ukibonyeza. Wamelirudisha lile "tak" la bibi.

Nilimchongea bibi komeo jipya la mti wa mbambakofi. Kishimo cha gumba kilikuwa rahisi. Jino ndilo lililonitoa jasho. La kwanza lilikuwa refu mno, komeo likagoma. La pili halikuhisika kabisa. La tatu nililijaribu nimefumba macho, mara ishirini, mpaka nikaacha kujiuliza kama limefika.

Siku ya kulifunga alilisukuma mwenyewe. Akanyamaza, akalirudisha, akalisukuma tena.

"Hili lasema," akaniambia. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye madirisha yake mawili.