Je, wajua? Samaki wa kundi wakitawanyika ndani ya tangi, huenda ndiyo kwanza wametulia

Mtu ananunua samaki wadogo kumi waitwao neoni tetra. Dukani walikwenda kama gwaride: wanageuka kwa pamoja, mistari yao ya bluu inawaka kwa mkupuo. Nyumbani anawatia kwenye tangi lenye mimea na magogo, na kwa siku tatu nne gwaride linaendelea. Wiki ya pili mambo yanageuka. Mmoja yuko nyuma ya gogo, wawili wanadonoa majani, waliobaki wanaelea huku na huku, kila mmoja na lake. Je, wanaumwa?

Jibu ambalo wengi wetu tumewahi kulitoa, tena kwa kujiamini, ni kwamba samaki wa kundi akiwa na raha hubanana na wenzake, na akijitenga ana kasoro. Kwa sehemu kubwa ni kinyume. Kubanana ni dalili ya hofu. Gwaride la dukani lilikuwa la woga: tangi tupu lisilo na maficho, taa kali, watu wanapita karibu na kioo, na wavu unazamishwa humo kila anapokuja mteja.

Picha za televisheni nazo zimechangia kosa hili. Samaki wadogo wanaozunguka baharini kama tufe la fedha hupigwa picha wakati ule ule wanapozingirwa na jodari au pomboo. Samaki waliotulia hawana cha kuonyesha, kwa hiyo hatuwaoni. Matokeo yake, kuna wanaopunguza mimea ili kundi lirudi, au wanaoongeza samaki mkubwa mmoja, mara nyingi malaika wa maji yasiyo na chumvi, Pterophyllum scalare, ili wadogo washikamane. Watashikamana kweli. Pia watakula kwa wasiwasi, rangi itafifia, na malaika akishakomaa ataanza kuwameza neoni mmoja mmoja usiku.

Ushahidi mzuri unatoka kwenye vijito vya Trinidad wanakoishi samaki wadogo waitwao gapi. Mwaka 1974 mtafiti Benoni Seghers alionyesha kwamba gapi wa vijito vyenye samaki wawindaji wengi hukaa kwenye makundi yaliyoshikana, na wa vijito vyenye wawindaji wachache hujiachia. Ni samaki wa aina moja. Tofauti iko kwa adui. Usidhani tu kwamba kila samaki wa kundi atafuata kipimo hicho hicho, maana gapi ni mmoja tu kati ya wengi, na njaa pia humfanya samaki ajitenge kwenda kutafuta riziki.

Kwa nini kubanana kunasaidia? Jaribu kukamata kuku mmoja kati ya ishirini uani. Ukimkazia macho yule mwekundu, weupe watatu wanakatiza mbele yako, unageuka, umempoteza. Kuku akiwa peke yake kwenye kona, umeshampata. Macho ya samaki mwindaji yana shida hiyo hiyo, na ndiyo maana samaki wa kundi hufanana mno: anayetofautiana na wenzake ndiye anayefuatika. Lakini kubanana kuna gharama. Vifaranga wakiwa salama huchakura uani kote, kwa sababu wakikaa kifungu kimoja punje ya kwanza inaliwa na wa mbele na wa nyuma wanabaki na vumbi. Kivuli cha mwewe kikipita, wote chini ya mama. Kikiisha, wanatoka tena. Neoni wako nyuma ya gogo ni kifaranga anayechakura.

Kiswahili kinatumia neno moja, kundi, kwa mambo mawili ambayo ni vizuri kuyatenganisha: kukaa karibukaribu bila mpangilio, na kwenda upande mmoja kwa mwendo mmoja. Samaki yule yule huhama kutoka la kwanza hadi la pili ndani ya sekunde, na hakuna kiongozi anayetoa amri. Hutumia macho, na hutumia mstari wa ubavuni, safu ya vihisio vinavyopokea msukumo wa maji. Ukitembea kando ya barabara lori likakupita, upepo wake unakusukuma hata kama umefumba macho, na unajua limetokea wapi na lina kasi gani. Samaki anapokea upepo wa namna hiyo kutoka kwa kila mkia ulio jirani. Mwaka 1980 watafiti Partridge na Pitcher waliwaziba macho samaki wa Atlantiki ya Kaskazini, Pollachius virens, na bado waliweza kwenda na kundi.

Wala samaki hahitaji kuwafuatilia wote. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, wakiwatumia tetra pua nyekundu, walikuta kwamba inatosha kila samaki kuitikia majirani wawili hivi wanaomwathiri zaidi kwa wakati huo. Walitumia samaki watano kwenye tangi la duara, kwa hiyo tusilinyooshe jambo hili hadi makundi ya maelfu mtoni.

Basi uchague nani? Hao pua nyekundu ndio wa kwanza kwangu, kwa sababu wanaivunja nusu ya makala hii: hata wakitulia huendelea kwenda pamoja kuliko tetra wengine. Pua yao ni kipimo cha bure pia. Ikipauka mchana, kapime maji kabla ya kufanya kingine. Wanataka maji laini ya digrii 24 hadi 27, na hawafai kwa tangi jipya. Anayeanza achukue zebra danio, wagumu na wasiokaa kimya, wanaoridhika na digrii 20 hadi 25. Anayetaka kitu cha karibu na kwetu ana tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, kutoka bonde la Mto Kongo. Dume hufikia sentimita 8 hivi na mapezi yake huning'inia kama pindo la kanga, ila anadai tangi la sentimita 120 lenye kifuniko, maana akishtuka huruka.

Idadi ndiyo inayokosewa zaidi. Sita ni kiwango cha chini kabisa, na kumi na mbili wa aina moja ni bora kuliko wanne wanne wa aina tatu. Tiger barb watatu huwakata wenzao mapezi. Wakiwa kumi hugombana wao kwa wao na kuwasahau wengine. Tangi liwe refu kuliko kina: sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, linatosha neoni kumi na mbili, lakini kwa danio anza na urefu wa sentimita 80. Kabla ya kutia samaki, liache lifanye kazi na filta kwa wiki nne hadi sita, ukilitilia chanzo kidogo cha amonia, hadi amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zisome sifuri. Kisha badili robo ya maji kila wiki, yaliyoondolewa klorini.

Usiwakimbize kwa wavu. Mtafiti Karl von Frisch aligundua katika miaka ya 1930 kwamba ngozi ya samaki fulani wadogo ikijeruhiwa hutoa kitu majini kinachowatisha wenzake, na tetra, danio na rasbora wote wamo katika ukoo mkubwa wenye tabia hiyo. Mkwaruzo wa mmoja unaweza kuwafanya wote wajikunyate kwenye kona.

Kutawanyika kubaya nako kupo. Anayehema juu ya maji, aliyebana mapezi, asiyekuja chakula kikimwagwa, huyo anaumwa au maji yameharibika. Kwa wengine, pitisha mkono mbele ya kioo mara moja. Watajikusanya. Sasa kaa kimya uhesabu dakika hadi wa kwanza arudi kudonoa majani: tangi lenye maficho ya kutosha huchukua dakika moja mbili, na lile ambalo baada ya nusu saa bado lina gwaride ndilo lenye kasoro.