Grafu za mistari kwa mifano ya mtaani: dhana potofu na ukweli wake

Walimu wengi wa hisabati Mombasa tayari hutumia maji, nauli na biashara ndogo kufundisha milinganyo ya mstari. Tatizo ni kwamba mara nyingi mtaa huishia kwenye maneno ya swali. Ikifika karatasi ya grafu, x ni x tu na y ni y tu, na hakuna anayeuliza mstari uanzie wapi wala uishie wapi. Dhana zifuatazo ndizo zinazosababisha hali hiyo.

Dhana: Ukitia maembe na shilingi ndani ya swali, tayari umefundisha kwa hali halisi.

Ukweli: Hali halisi inafaa pale tu inapoamua kitu kwenye grafu: vipimo vya mihimili, mahali mstari unapoanzia, kasi ya kupanda, na mahali unapokoma. Kama unaweza kufuta neno "maembe" na swali lisibadilike hata kidogo, hilo ni pambo.

Chukua kijana anayeuza maji kwa mkokoteni Kisauni mifereji ikikauka. Tuseme anakodi mkokoteni kwa shilingi 100 kwa siku, anajaza mtungi wa lita 20 kisimani kwa shilingi 5, na anauuza kwa shilingi 20. (Bei hizi ni za darasani. Wanafunzi watakubishia, na wakibisha vizuri zaidi: waache walete za mtaani kwao.) Kila mtungi unamwachia shilingi 15, lakini kodi ya mkokoteni hulipwa hata asipouza kitu. Faida yake ya siku ni y = 15x − 100, ambapo x ni idadi ya mitungi aliyouza.

Mlinganyo huo usiuandike ubaoni kwanza. Anza na jedwali, na uchague idadi ambazo haziachani kwa usawa: mitungi 0, 4, 10 na 20. Faida itakuwa −100, −40, 50 na 200. Mwanafunzi akipewa 0, 1, 2, 3, 4 hutazama safu ya y peke yake, huona "tunaongeza 15", basi. Kwa 4, 10 na 20 inambidi agawanye: kutoka mitungi 4 hadi 10 faida imepanda shilingi 90 kwa mitungi 6, yaani 15 kwa mtungi, kutoka 10 hadi 20 imepanda 150 kwa mitungi 10, tena 15. Mteremko ameupata kwa mkono wake kabla ya kusikia jina lake, na ameupata ukiwa na kipimo: shilingi kwa mtungi. Kipimo hicho kisiachwe kamwe. Jibu "mteremko ni 15" halijakamilika.

Dhana: Grafu huanzia sifuri.

Ukweli: Hili ndilo kosa linalorudi mara nyingi kuliko yote. Mwanafunzi hukokotoa −100 sawasawa kwenye jedwali, kisha akifika kwenye karatasi anaanzisha mstari kwenye makutano ya mihimili kwa sababu "hajauza kitu, hana kitu". Muulize: asubuhi, kabla ya mtungi wa kwanza, huyu kijana anadaiwa nini? Anadaiwa kodi. Basi nukta ya kwanza iko chini ya mhimili wa x.

Mfano wa pili ulio kinyume chake: tangi la nyumbani la lita 1000, familia inatumia lita 120 kwa siku, maji ya mfereji hayaji. y = 1000 − 120x. Mstari unaanzia juu na kushuka, na mteremko ni hasi. Wapo wanaofikiri mstari unaoshuka ni dalili ya kukosea hesabu. Hapa pia ndipo pa kufundisha mwisho wa mstari: tangi linakauka baada ya siku 8 na theluthi. Ukiendeleza mstari hadi siku ya 9 utasoma lita −80, na hakuna tangi la namna hiyo. Penseli ikome kwenye mhimili wa x.

Dhana: Mteremko ni jinsi mstari ulivyosimama kwenye karatasi.

Ukweli: Mstari uleule huonekana mkali au mpole kulingana na skeli. Gawa darasa makundi mawili. Wote watumie sentimita 2 kwa mitungi 5 kwenye mhimili wa x. Kwenye mhimili wa y, kundi la kwanza litumie sentimita 2 kwa shilingi 50, la pili sentimita 2 kwa shilingi 100. Kila mitungi 5 inaleta shilingi 75, kwa hiyo kwa kila sentimita 2 za kwenda kulia, kundi la kwanza litapanda sentimita 3 na la pili sentimita 1.5. Anayehesabu vijiraba badala ya kusoma namba za mihimili atasema mteremko ni 1.5 au 0.75. Majibu yote mawili si sahihi. Ukisoma mihimili, makundi yote yanapata shilingi 15 kwa mtungi.

Kuhusu kuchagua skeli: kwenye karatasi yenye vijiraba vya milimita 2, sentimita 2 zina vijiraba 10. Skeli ya 5, 10, 20, 50 au 100 kwa sentimita 2 husomeka bila shida. Skeli ya 30 hufanya kila kijiraba kiwe 3, na ya 15 hukifanya kiwe 1.5, hapo nukta huanza kukosewa hata na wanafunzi wazuri. Kabla ya kuchora, mwanafunzi atafute thamani ndogo na kubwa kabisa ya y. Kwa mitungi 0 hadi 30, y inatoka −100 hadi 350. Tofauti ni 450, ambayo kwa sentimita 2 kwa shilingi 50 inahitaji sentimita 18. Inaenea.

Dhana: Nukta mbili zinatosha, ziunganishe tu.

Ukweli: Kwa kanuni ya jometri zinatosha. Kwa mwanafunzi hazitoshi, maana nukta mbili hukaa kwenye mstari hata kama moja imekosewa. Ya tatu ndiyo inayofichua kosa. Ziwe mbali: ukipitisha rula kwenye nukta zilizoachana sentimita 1 na moja imepotoka milimita 1, sentimita 10 mbele mstari umepotoka takriban sentimita nzima.

Tena, mitungi huuzwa mizima. Zinazohusika hasa ni nukta, na mstari ni wa kutuongoza jicho. Uchorwe kwa nukta-nukta au kwa wino hafifu. Mstari unakata mhimili wa x kwenye mitungi 6 na theluthi mbili. Jibu la swali "auze mingapi asipate hasara?" ni 7, na kwa 7 anabaki na shilingi 5. Tangi ni tofauti: maji hupungua mfululizo, hivyo mstari kamili ni halali.

Dhana: Grafu ya umbali na muda ni picha ya njia.

Ukweli: Mwambie mwanafunzi achore safari ya matatu kutoka Mtwapa hadi mjini, atakunja mstari kwenye kona na kuupandisha kwenye Daraja la Nyali. Mstari unaolala hudhani ni barabara tambarare. Kumbe matatu imesimama ikingoja abiria. Mstari ulio wima kabisa hauwezekani, kwani gari lingekuwa kila mahali kwa wakati mmoja.

Saa nazo zina mtego wake. Saa 1:45 wengi huiweka kwenye 1.45, ilhali ni 1.75. Dawa ni kuhesabu dakika tangu gari lilipoondoka.

Dhana: Kinachopanda kinapanda kwa mstari.

Ukweli: Bahari iko hapahapa kupinga. Maji yakianza kujaa huja polepole, katikati hukaza, kisha hulegea. Kanuni ya mabaharia hugawa kimo cha kujaa sehemu 12: saa ya kwanza 1, kisha 2, 3, 3, 2, na saa ya sita 1. Tuseme siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) tofauti ya maji kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya tatu na ya nne kila moja inaleta mita 0.9, na mwanafunzi aliyepima saa hizo mbili tu ataapa kuwa ni mstari. Akiipeleka kasi hiyo kwa saa zote 6 atapata mita 5.4. Ada ya kutuma pesa kwa simu nayo ni ngazi: hukaa palepale ndani ya kiwango fulani, halafu huruka. Kabla ya rula, mwanafunzi akague kama ongezeko ni lilelile kwenye vipande vitatu tofauti vya jedwali.

Dhana: Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo penye jibu bora.

Ukweli: Hapo ni sare tu. Mwenye mkokoteni mwingine hataki kodi ya siku, anataka shilingi 5 kwa kila mtungi. Faida inakuwa y = 10x. Mistari inakutana kwenye mitungi 20, ambapo kila mpango unaacha shilingi 200. Chini ya 20, mpango wa pili ni bora; juu yake, ule wa kodi. Kwa mitungi 30 ni shilingi 350 dhidi ya 300. Ndiyo sababu mhimili wa x usiishie 20: ukikatwa hapo, mstari wa kodi hauonekani ukishinda popote, na mwanafunzi atamshauri kijana auzaye mitungi 28 kila siku kuchukua mkokoteni usiomfaa.