Saa Tupu za Ratiba ya Chuo Ujerumani Zina Mwenyewe

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura kwenda kusoma Ujerumani hukabidhiwa ratiba inayopendeza macho: Jumatatu kipindi kimoja, Jumanne viwili, Ijumaa hakuna kitu. Kwenye mihadhara mingi hakuna hata anayeita majina. Basi wiki za mwanzo, kuanzia katikati ya Oktoba, huishia kwenye matembezi, sherehe za kukaribishana na simu ndefu za nyumbani. Matembezi hayana ubaya. Kosa ni kudhani kwamba zile saa tupu ni za mapumziko, kumbe chuo kimeshazihesabu.

Muhula mmoja wa masomo ya muda wote una krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima kazi ya masomo, na kwa kawaida krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Tuchukue 30. Somo la krediti 6 basi linadai saa 180. Likiwa na mhadhara mmoja na kipindi kimoja cha mazoezi kwa wiki, kila kimoja dakika 90, baada ya wiki 14 utakuwa umekaa darasani saa 42 tu. Zilizobaki 138 ni za kusoma mwenyewe. Ukitenga 55 kwa ajili ya kujiandaa na mtihani, utabaki na karibu saa 6 kila wiki kwa somo hilo moja, yaani mara mbili ya muda wa darasani.

Masomo matano ya namna hiyo, ukijumlisha darasani na kusoma mwenyewe, ni saa 45 kwa wiki. Sasa tazama wiki nzima, ambayo ina saa 168. Toa 56 za kulala, 45 za masomo, na 25 za kupika, kufua, usafiri na foleni za ofisi. Zinabaki 42. Hata ukifanya kibarua cha saa 15, bado una saa 27 za kupumzika, karibu nne kwa siku. Muda wa starehe upo, tena wa kutosha. Huliwa na mtindo wa kusoma nusu na kupumzika nusu: kompyuta iko wazi kitandani, simu mkononi, na kufikia usiku hujasoma na wala hujapumzika.

Mazoea ya nyumbani nayo huponza. Testi, CAT na kazi za kukusanya humsukuma mwanafunzi wa kwetu muhula mzima, na alama zake huchangia matokeo ya mwisho. Ujerumani masomo mengi hupimwa kwa mtihani mmoja tu, na hakuna atakayekuonya wiki ya sita kwamba umebaki nyuma. Mtihani wenyewe unahitaji kujiandikisha kwenye mfumo wa chuo, mbali na kujiandikisha darasani. Tarehe ya mwisho ikipita, hufanyi. Ukiugua siku ya mtihani, peleka cheti cha daktari mara moja. Nafasi za kufanya mtihani, pamoja na za kurudia, nazo zina kikomo, mara nyingi mbili au tatu kwa jumla. Ukishindwa ya mwisho katika somo la lazima, umedisko, na kwa kawaida huruhusiwi kuendelea na programu hiyohiyo hata kwenye chuo kingine cha Ujerumani. Kibali chako cha ukaazi kimefungwa kwenye masomo hayo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fungua kitabu cha moduli, kinachoitwa Modulhandbuch. Saa za kila somo zimeandikwa humo. Panga kwanza mapumziko: jioni mbili na siku moja nzima. Jumapili inafaa zaidi, kwa kuwa maduka mengi hufungwa kwa mujibu wa sheria. Manunuzi yaishe Jumamosi. Kisha gawa saa za kusoma mchana, kwenye maktaba, si chumbani. Ikifika wiki ya nne, chukua karatasi ya mazoezi uifanye bila kuangalia majibu. Usipofikisha nusu, punguza kibarua. Usipunguze usingizi.

Kuhusu kibarua, tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka. Idadi hiyo ni kikomo cha sheria, haimaanishi mwili unaiweza. Zamu za usiku wa Jumapili hasa tunazipinga, kwa sababu huondoka na Jumatatu nzima.

Majira ya baridi yanahitaji mpango wake. Katikati ya Desemba mjini Berlin jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, na aliyezoea saa 12 za mwanga mwaka mzima huhisi siku imeisha kabla haijaanza. Toka nje mchana, hata nusu saa. Jiandikishe kwenye michezo ya chuo, Hochschulsport, ambayo ada zake ni nafuu. Michezo inayopendwa hujaa muda mfupi baada ya usajili kufunguliwa. Simu za nyumbani zipangiwe siku. Wakati huo kwetu tuko mbele kwa saa 2 (Bujumbura saa 1), hivyo familia ya Nairobi inapopiga baada ya chakula, saa 2 usiku, kwako ni saa 12 jioni, wakati ambao wenzako wanaelekea uwanjani.

Safari ya nyumbani isikatiwe tiketi kabla tarehe za mitihani hazijatoka. Mapumziko ya Februari hadi Aprili si likizo kamili, maana mitihani na insha ndefu huangukia humo. Agosti na Septemba huwa salama zaidi, ila hakikisha kwanza kama somo lako lina mtihani wa marudio kipindi hicho.

Ukiona unalala mchana wiki nzima, umeacha kwenda kula Mensa, yaani bwalo la chuo, na hupokei simu, nenda ofisi ya ushauri ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ya mji wako. Kwenye miji mingi huduma ni bure na ya siri, na mara nyingi kuna mshauri anayezungumza Kiingereza. Huhitaji kuwa umefeli ndipo upokelewe.