Besi inatetemesha glasi, maneno hayasikiki

Tukishakuja nyumbani kwa sikukuu za Desemba, "kuhesabiwa" kama wanavyotutania, Januari karakana yangu hapa Moshi hujaa homu thieta, zile seti za spika za kuunganisha na TV. Nyingi zimesafiri kwenye buti la basi kutoka Dar, zikafungwa sebuleni kwa wazazi usiku wa tarehe 24 na kijana mwenye haraka ya kwenda kunywa mbege. Malalamiko huwa yale yale: "Fundi, sauti ipo, ila haieleweki." Naichomeka mezani kwangu, inaimba vizuri kabisa. Mwenye mali ananitazama kama tapeli.

Siku hizi nikiambiwa hivyo, nauliza nyumba iko wapi. Ugonjwa wa namna hii mara nyingi unakaa sebuleni, na ukibeba mashine kuja nayo kwangu unauacha huko huko.

Juzi nilikwenda Pasua kwa mama mmoja mtu mzima. Baada ya shikamoo na chai akanionyesha kwa kidole. "Hili dude aliloniletea mwanangu, baba, linapiga kelele tu. Halisemi." Akawasha taarifa ya habari. Glasi za kabatini zikatetemeka, na msomaji akasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Kabla ya kugusa waya wowote nilishusha sabufa, ile spika kubwa ya besi, mpaka sifuri. Wengi huona ajabu, maana hela yao waliitoa kwa ajili ya sabufa. Lakini jaribu kutamka pata, kata, tata. Irabu ni zile zile. Kinachoyatenganisha maneno haya ni kimlio kifupi cha konsonanti mwanzoni, na kimlio hicho ni chembamba. Sehemu kubwa ya kazi ya kumfanya mtu aeleweke iko kati ya mitetemo 1,000 na 4,000 kwa sekunde (Hz). Sabufa inafanya kazi kule chini, kwenye Hz mia moja na kidogo kushuka. Besi ikizidi inafunika vile vyembamba, irabu zinabaki zikivuma na konsonanti zinamezwa. Ndiyo maana kuongeza sauti hakusaidii. Unaongeza vyote kwa pamoja, na kile kinachofunika kinazidi kufunika.

Sabufa ikiwa imezimwa, msomaji alitoka kwenye pipa lakini hakufika sebuleni. Alikuwa nyuma ya kochi.

Hapo kuna kitu cha kuelewa. Seti ya 5.1 ina spika tano na sabufa moja, na kwenye filamu maneno ya wahusika karibu yote hupelekwa spika ya kati, ile inayokaa chini ya TV. King'amuzi kikitoa stirio, yaani sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia, homu thieta nyingi zina mpangilio wa kuigawa stirio hiyo kwenye spika zote, na mpangilio huo nao huyasukumia maneno kwenye spika ya kati. Kwa hiyo spika hiyo ndogo isiyo na mbwembwe ndiyo mdomo wa mashine nzima. Ikiwekwa pabaya, hakuna kitakachosema.

Ingia kwenye menyu, tafuta sauti ya majaribio. Mashine itatoa "shhhh" kwenye spika moja baada ya nyingine, huku kioo kikiandika ni ipi inayopaswa kulia. Kwa mama, kioo kiliandika ya kati, "shhhh" ikatokea nyuma ya kochi, kwenye spika iliyoelekezwa ukutani na juu yake pametundikwa mkoba. Kijana alikuwa amezibadilishia matundu. Kwenye seti za klipu za kubana, waya wowote unaingia popote. Zile za plagi za rangi zina nafuu kidogo, kijani kwa kawaida ndiyo ya kati.

Nilibadilisha, nikaitoa spika ya kati kwenye uvungu wa kabati ikasogea mpaka ukingoni, nikaiinua kwa mbele na kipande cha mbao ili itazame masikio ya aliyekaa badala ya magoti yake. Maneno yakaja mbele. Bado nikasikia muziki wa taarifa ya habari ukitoka huku na kule bila makazi, na sabufa nilipoirudisha kidogo, besi ya spika za mbele bado ilikuwa hafifu. Hiyo ni dalili ninayoipenda, kwa sababu tiba yake ni bure: chanya na hasi zimegeuzwa.

Spika mbili za mbele zinatakiwa zisukume hewa pamoja na ziivute pamoja. Ukigeuza waya za moja, zinakuwa kama watu wawili wanaosukuma gari lililokwama, mmoja yuko nyuma na mwenzake kasimama mbele. Besi zao zinauana, na mwenye nyumba, akiona besi imepungua, anapandisha sabufa. Basi ndiyo safari ya kuelekea kwenye pipa.

Kupima, zima mashine, chomoa waya za spika upande wa mashine, chukua betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha upande wa chanya kwenye waya wenye mstari, hasi kwenye mwenzake, gusa na kuachia. Karatasi ya spika ikiruka kuja nje, waya huo ndio wa chanya. Ikijivuta ndani, umegeuzwa. Spika zote zijibu namna moja. Kwa mama, ya kushoto ilijivuta ndani.

Wakati nimeshika spika nilizikagua nazo, maana zipo zinazoumwa kweli. Bonyeza karatasi taratibu kwa vidole gumba viwili, pande mbili sawasawa; ikikwaruza, koili inasugua sumaku na hiyo niletee. Ukingo wa sponji ukichakaa unamomonyoka kama mkate mkavu, hilo nalo ni la fundi. Spika iliyoandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ikipimwa kwa mita ya umeme husoma kama 6 au 7. Isiposoma chochote, imekatika. Na vumbi letu jekundu la kiangazi likiingia kwenye kitufe cha sauti, unasikia kwaru-kwaru kila ukizungusha. Inatibika kwa dawa maalumu ya kupuliza. Kuna mtu aliwahi kutia mafuta ya kupikia. Sitaki kuongelea.

Lililobaki ni sebule yenyewe, na hapa ndipo watu huninunia. Nyumba zetu mpya zina vigae chini, saruji pembeni, jipsamu juu na dirisha kubwa la vioo. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaendelea kidogo baada ya kofi, basi kila konsonanti ya msomaji nayo inapata mkia, na mkia huo unaiangukia konsonanti inayofuata. Hakuna homu thieta itakayokusaidia hapo, hata ya milioni tatu. Kinachosaidia ni zulia kati ya TV na kochi, mapazia mazito, makochi ya kitambaa. Mama alikuwa na zulia zuri tu, limekunjwa chumbani likisubiri wageni. Tulibishana. Alikubali litandikwe "kwa kujaribu".

Mwisho nilipima kwa futi kamba kutoka kochini hadi kila spika, nikaingiza vipimo kwenye menyu. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita inaichelewesha karibu milisekunde 3, na mashine inahitaji kujua hivyo ili spika zote zifike sikioni kwa pamoja. Ni kazi ya dakika tano, na karibu hakuna anayeifanya.

Nilipoingia, kioo cha mashine kilikuwa kinasoma 34. Mama akachukua rimoti mwenyewe, akashusha mpaka 17, akasikiliza habari za bei ya kahawa hadi mwisho. Kisha akatafuta karatasi na kalamu, akaniomba niandike waya upi unaingia wapi, kwa herufi kubwa, maana Desemba yule kijana anakuja tena.