Jiko la Kuni na Sakafu ya Mbao: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Vigae haviungui, basi ukivitandaza juu ya mbao umemaliza kazi.

Kigae hakishiki moto, hilo halina ubishi. Lakini joto hupenya. Jiko la chuma lenye miguu mifupi likiwaka usiku kucha, kigae hupata joto kali na mbao iliyofichwa chini yake huokwa pasipo mtu kuona. Bati ndiyo kabisa, hupitisha joto haraka zaidi.

Sakafu ina maadui wawili: makaa yanayodondoka na joto linaloshuka. Kigae au bati hushughulika na yule wa kwanza tu. Wa pili huzuiwa na tabaka lisiloungua na lisilopitisha joto kirahisi, au nafasi ya hewa iliyoachwa makusudi. Kuna majiko yasiyotoa joto jingi kwa chini, na hayo hutosheka na kinga ya cheche. La kwako ni lipi? Soma maelekezo ya mtengenezaji kabla ya kununua hata kigae kimoja.

Dhana: Miaka yote hii haijaungua, kwa hiyo ni salama.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kwa kawaida mbao hushika moto joto likikaribia nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Ikiokwa mwaka hadi mwaka, hukauka na kugeuka taratibu kuelekea mkaa, na inaweza kuwaka kwa joto la chini ya hapo. Kwa hiyo miaka iliyopita si ushahidi wa usalama. Huenda ndiyo iliyoidhoofisha mbao.

Dhana: Kinga ikitosha chini ya jiko, imetosha.

Cheche huruka mlango unapofunguliwa. Kanuni za Kanada hutaka kinga itokeze sentimita 45 mbele ya mlango wa kutilia kuni, na sentimita 20 pande nyingine. Zulia dogo mbele ya jiko si kinga, ni kitu cha kuungua.

Dhana: Majivu yakilala usiku mmoja yamepoa.

Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki hai kwa siku kadhaa. Yazoe kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, kisha uitoe nje, mbali na nyumba, uiweke juu ya udongo mtupu au zege. Usiiache hata kwa muda mfupi kwenye sakafu ya mbao au baraza la mbao.